Kununua Gari Dogo la Juu Lililotumika: Namna ya Kupima Thamani Kabla ya Kulipa

Kwa kaya nyingi nchini, gari ni mali ya pili kwa gharama baada ya nyumba. Hata hivyo, watu wanaochunguza kiwanja kwa miezi kadhaa, wakiuliza majirani na kupitia ofisi ya ardhi, hununua gari jioni moja kwa sababu rangi yake inang'aa na dalali amesema kuna mteja mwingine anayekuja kesho. Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia mlaji mwenye bajeti ndogo kulipima gari kwa utulivu, hatua kwa hatua, kabla fedha haijatoka mkononi mwake.

Tumechagua magari madogo ya juu, yale ambayo wauzaji huyaita SUV, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa na familia zinazohitaji gari moja la kufanya kazi zote: kwenda kazini, kupeleka watoto shule na kusafiri kijijini wakati wa sikukuu. Katika yadi zetu utayakuta Toyota RAV4, Toyota Rush, Nissan X-Trail, Honda CR-V, Suzuki Escudo na Subaru Forester. Mengi yametoka Japani, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara kama hapa Tanzania. Yaliyosemwa humu yanayahusu magari yanayouzwa yadini, yanayouzwa na mtu binafsi, na hata yale ambayo mnunuzi anaagiza mwenyewe.

Baada ya kusoma, msomaji ataweza kukokotoa gharama kamili ya gari, kutambua hati zenye mashaka, kulichunguza gari pamoja na fundi wake, na kujua pa kwenda iwapo haki yake imevunjwa.

1. Anza na safari zako

Kabla ya kutazama gari lolote, andika kwenye karatasi mambo matatu: unasafiri kilomita ngapi kwa mwezi, unapita barabara za namna gani, na unabeba watu wangapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia gari, kwa sababu ukubwa wa injini, uimara wa mwili na mfumo wa kuvuta magurudumu vyote vina gharama.

Hapa ipo dhana potofu inayowagharimu wengi. Umbo la juu halimaanishi kwamba gari linavuta kwa magurudumu manne. RAV4, X-Trail, CR-V na mengineyo yalitengenezwa pia katika matoleo yanayovuta kwa magurudumu mawili tu, ingawa kwa nje yanafanana kabisa na mengine. Usiridhike na neno la muuzaji wala nembo iliyobandikwa nyuma. Mwombe fundi ainame chini ya gari: likiwa la magurudumu manne, utaona shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma. Isipokuwepo, hulipi bei ya gari la magurudumu manne.

Vilevile, jiulize kama unauhitaji mfumo huo. Mkazi wa mjini anayepita lami na vumbi la kawaida hupata faida kubwa zaidi kutokana na kimo cha gari kutoka ardhini kuliko kutokana na magurudumu manne. Anayepanda milima ya udongo wa mfinyanzi wakati wa masika ana hoja tofauti. Kwake, Suzuki Escudo au Toyota Rush lenye uwezo wa kufunga difu ya kati linaweza kumfaa kuliko gari lenye mfumo unaojiwasha wenyewe pale tu gurudumu linapoteleza.

2. Bei iliyoandikwa kwenye kioo si gharama ya gari

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Tuupime usemi huo kwa hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu; msomaji aweke za kwake.

Tuchukue familia yenye akiba ya shilingi 24,000,000 inayosafiri kilomita 1,000 kwa mwezi, yaani kilomita 12,000 kwa mwaka. Ina magari mawili ya kuchagua. La kwanza linauzwa shilingi 18,000,000. Lina injini ya lita 2.4, linakwenda kilomita 9 kwa lita moja ya petroli, linapunguza oili lita moja katika kila kilomita 1,000, na linahitaji tairi nne mpya pamoja na shokapu na bushi. La pili linauzwa shilingi 20,500,000. Lina injini ya lita 1.5, linakwenda kilomita 12 kwa lita, nalo linahitaji matengenezo ya kawaida tu. Tuchukulie kwamba petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na oili ni shilingi 20,000 kwa lita.

Gari la kwanza kwa miaka mitatu:
- Bei ya kununulia: 18,000,000
- Tairi, shokapu na bushi: 1,700,000
- Petroli (4,000,000 kwa mwaka): 12,000,000
- Oili ya kuongezea (240,000 kwa mwaka): 720,000
- Jumla: shilingi 32,420,000

Gari la pili kwa miaka mitatu:
- Bei ya kununulia: 20,500,000
- Matengenezo ya mwanzo: 300,000
- Petroli (3,000,000 kwa mwaka): 9,000,000
- Jumla: shilingi 29,800,000

Gari lililoonekana rahisi kwa shilingi 2,500,000 limekuwa ghali kwa shilingi 2,620,000, na hapo hatujahesabu uwezekano wa injini inayokula oili kuhitaji kufunguliwa.

Lakini hesabu hiyo isigeuzwe kuwa kanuni. Familia hiyohiyo ikisafiri kilomita 4,000 tu kwa mwaka, petroli ya miaka mitatu inashuka hadi 4,000,000 kwa gari la kwanza na 3,000,000 kwa la pili, na oili ya kuongezea inakuwa 240,000. Jumla zinakuwa 23,940,000 na 23,800,000, yaani karibu sawa. Kilomita unazosafiri ndizo zinazoamua kama unywaji wa mafuta ni jambo kubwa au dogo kwako. Ndiyo sababu tumeanza na karatasi ya safari.

Ongeza kwenye hesabu yako bima, ada ya kuhamisha umiliki, na bei ambayo gari linaweza kuuzwa tena. Magari ambayo vipuri vyake vinapatikana kila mkoa huuzika kwa urahisi zaidi. Kabla ya kununua, piga simu au pita madukani, uulize bei ya vitu vitano: shokapu, breki pedi, rejeta, taa ya mbele na giaboksi iliyotumika. Gari ambalo vipuri vyake havipatikani katika mji wako linakuongezea nauli na siku za kusubiri.

Tunashauri mnunuzi asitumie akiba yote kulipia bei. Katika mfano wetu, familia inayonunua gari la pili inabaki na shilingi 3,500,000. Fedha hiyo si ya starehe. Ndiyo itakayolipa bima, uhamisho, na hitilafu ambazo hata fundi mzuri hawezi kuziona siku ya kwanza.

Kwa anayeagiza mwenyewe, kodi huweza kukaribia au kuzidi bei ya gari lenyewe. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo kwenye tovuti yake kinachokupa makadirio ya kodi kwa aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Tofauti na Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, hapa kwetu linaingia lakini kwa gharama. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutuma fedha nje, si baada ya meli kutia nanga.

3. Hati kwanza, injini baadaye

Gari zuri lenye hati mbaya ni hasara. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, omba kuona kadi halisi ya gari, si kivuli chake wala picha kwenye simu. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bati la gari, herufi kwa herufi. Tazama kama sehemu ilipogongwa imechomelewa, imesuguliwa au imepakwa rangi upya. Linganisha pia namba ya injini.

Pili, hakikisha kwamba jina lililo kwenye kadi ni la mtu anayeuza, na uone kitambulisho chake. Akisema kwamba anauza kwa niaba ya ndugu, dai kuzungumza na mwenye kadi mwenyewe na kupata idhini ya maandishi. Gari la marehemu linahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; makubaliano ya kikao cha ukoo pekee hayatoshi.

Tatu, jihadhari na kadi iliyotolewa upya kwa maelezo kwamba ya awali ilipotea. Huenda ni kweli. Lakini pia ipo hali ambapo kadi ya awali imewekwa dhamana kwa mkopeshaji, naye atakuja kulidai gari. Thibitisha taarifa za umiliki katika ofisi ya TRA kabla ya kulipa.

Nne, ulizia madeni yanayofuata namba ya gari. Faini za usalama barabarani huweza kuangaliwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya usajili. Ada za maegesho zinazokusanywa na TARURA nazo huandikwa kwa namba ya gari. Madeni hayo yalipwe na muuzaji kabla ya uhamisho, au yakatwe kwenye bei kwa maandishi.

Tano, gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi, kwa mfano la mradi au la taasisi, huweza kudaiwa kodi pindi linapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Gari lenye namba za nchi nyingine nalo lina masharti yake. Katika hali zote mbili, pata jibu la TRA kwanza.

Sita, kwa gari lililotoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari na mchoro wa mikwaruzo, mabonde na sehemu zilizobadilishwa. Cheti hicho huweza kuonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima wa Japani. Ikiwa cheti kinasema kilomita 148,000 na dashibodi inasema 71,000, huna haja ya mjadala mrefu.

4. Uchunguzi gari likiwa limesimama

Nenda mchana, siku isiyo na mvua, ukiwa na fundi uliyemchagua mwenyewe. Fundi aliyependekezwa na dalali ana waajiri wawili. Mpe ujira wake bila kujali kama utanunua au hutanunua, ili asiwe na sababu ya kulisifia gari.

Mwambie muuzaji mapema kwamba ungependa kulikuta gari halijawashwa. Injini ya baridi husema ukweli ambao injini ya moto huuficha. Gusa boneti ufikapo. Ikiwa ya moto, subiri au rudi siku nyingine.

Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukitazama kiwango na rangi. Fungua kifuniko cha oili: ute mzito wa rangi ya maziwa ndani yake huweza kuashiria maji yanayochanganyika na oili, jambo linaloelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa bado baridi, fungua rejeta. Maji yawe safi na yenye rangi ya dawa ya kupozea. Kutu au tone za mafuta ni onyo.

Tazama mwili wa gari kwa kuchuchumaa pembeni na kuangalia mstari wa milango. Nafasi kati ya milango, boneti na mabati ya pembeni iwe sawa pande zote mbili. Inua zulia la buti uone sakafu: bati lililokunjamana au lililochomelewa ni alama ya ajali ya nyuma. Chini ya gari, tafuta kutu kwenye chesisi na viungo vya magurudumu. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani hupita juu ya chumvi inayomwagwa kuyeyusha theluji, na lililokaa pwani yetu hupigwa na upepo wa bahari. Rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini ya gari lote haithibitishi uzima; yaweza kuwa imefunika kutu.

Soma tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno marefu lakini yenye umri mkubwa hukauka na huweza kupasuka safarini. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, tairi zote ziwe na kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana, maana tofauti hulazimisha difu na kiungo cha kugawa nguvu kufanya kazi bila kupumzika.

Kilomita zilizorudishwa nyuma hujisaliti mahali ambapo mkono na mguu hugusa. Pedali iliyolika hadi chuma, usukani uliolainika na kiti cha dereva kilichopasuka ukingoni haviendani na kilomita 60,000.

5. Uchunguzi gari likiwashwa na likiendeshwa

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za onyo za injini, breki na mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwashwa. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya sawa na isiyozimika, kwa kuwa huenda imekatwa ili kuficha hitilafu. Mwombe fundi aisome kompyuta ya gari kwa mashine. Ikiwa kumbukumbu za hitilafu zimefutwa muda mfupi uliopita, uliza sababu.

Mtu mmoja asimame nyuma wakati injini inawashwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto waweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi kiasi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka baada ya dakika chache ni wa kawaida.

Endesha gari kwa nusu saa, si kuzunguka yadi. Tafuta mlima, lami, na barabara ya vumbi yenye makorongo. Giaboksi ya kujiendesha iingie kwenye D na kwenye R bila kuchelewa wala kugonga. Ukikata kona kali polepole huku usukani umegeuzwa hadi mwisho, mlio wa kokoto zinazogongana huashiria viungo vya shafti za mbele vilivyochoka. Breki isivute upande mmoja wala usukani usitetemeke. Ukirudi, acha injini iunguruma kwa dakika kumi huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ukitazama mshale wa joto. Mwisho, tazama ardhini pale gari liliposimama.

6. Mambo ya kuulizia kwa aina mbalimbali

Hakuna aina isiyo na udhaifu. Tunayataja haya ili mnunuzi ajue la kumuuliza fundi, si kumkataza kununua.

Baadhi ya injini za Toyota za lita 2.4 za miaka ya 2006 hadi 2009, zilizomo katika RAV4 na Vanguard, zinajulikana kwa kula oili kupita kiasi. Moshi wa bluu baada ya kukanyaga mafuta kwenye mteremko ni dalili ya kuangalia. Baadhi ya RAV4 za Japani za kizazi cha 2000 hadi 2005 zenye alama ya D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hizo hukusanya masizi kwenye njia ya hewa na hazipendi mafuta machafu.

Nissan X-Trail za kizazi kilichoanza mwaka 2007 nyingi zina giaboksi ya mkanda, iitwayo CVT. Hiyo haina gia za hatua kwa hatua, na huhitaji mafuta yake maalumu. Fundi akiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida, huiharibu. Uliza ilibadilishiwa mafuta lini na kwa aina gani. Kutetemeka wakati wa kuondoka au injini kunguruma bila gari kuongeza mwendo ni sababu ya kusita.

Subaru Forester nyingi za zamani hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna ushahidi wa kubadilishwa, hesabu gharama hiyo kama yako.

Lipo jambo moja linalohusu uhai, nalo halionekani kwa fundi. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza vifaa vya kujaza mifuko ya hewa ambavyo kemikali yake, amonia naitreti, hudhoofishwa na joto na unyevu kwa miaka mingi. Kifaa kilichodhoofika huweza kulipuka wakati wa ajali ndogo na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wameuawa hivyo katika nchi kadhaa, na mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Subaru na wengine yaliitwa kiwandani ili yabadilishiwe. Gari lililouzwa nje kabla ya kubadilishiwa huja na kifaa kilekile, na hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara ndiyo inayokizeesha. Andika namba ya chesisi, kisha uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani au umwombe wakala wake hapa nchini akuangalizie. Usikubali suluhisho la kuchomoa mfuko wa hewa na kuziba tundu. Huko ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

7. Kujadili bei na kulipa

Baada ya uchunguzi, mwombe fundi aandike orodha ya kasoro na gharama ya kila moja. Orodha hiyo ndiyo hoja yako. Kusema "punguza kidogo" huleta punguzo la heshima. Kusema "tairi nne na shokapu ni shilingi 1,700,000, hizi hapa bei za dukani" huleta mazungumzo ya kweli.

Usitoe kishika uchumba kabla ya kuona hati. Ukilazimika kutoa, pata stakabadhi inayosema kiasi, namba ya chesisi, na sharti la kurudishiwa fedha iwapo hati au ukaguzi hautaridhisha. Malipo makubwa yapitie benki, kwa jina lilelile lililo kwenye kadi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja kilomita, kasoro zilizokubaliwa, na tamko la muuzaji kwamba gari halina deni wala dhamana.

Kisha hamisha umiliki mara moja. Mnunuzi anayeliacha gari katika jina la muuzaji wa zamani huweza kupata taabu ya bima siku ya ajali. Na muuzaji huendelea kupokea faini zisizo zake.

8. Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo tunza tangazo, ujumbe wa simu na karatasi zote. Ndizo zitakazoonyesha uliahidiwa nini. Mfanyabiashara anayedanganya wateja anaweza kulalamikiwa katika Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ukiuziwa na mtu binafsi, njia yako ni mahakama. Na ukishuku wizi au kughushi, ni polisi. Lakini kasoro ambayo ungeiona kwa kutazama, nawe ukaambiwa utazame, ni vigumu kuidai baadaye. Sheria haimlindi sana aliyekubali kununua mbuzi kwenye gunia.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anasema gari ni la magurudumu manne. Utathibitishaje?
2. Kwa nini uombe kulikuta gari halijawashwa?
3. Tairi imeandikwa 4115. Ilitengenezwa lini, na hilo linakuambia nini?
4. Unasafiri kilomita 18,000 kwa mwaka. Gari moja linakwenda kilomita 9 kwa lita, jingine 12. Kwa petroli ya shilingi 3,000, tofauti ya mwaka ni kiasi gani?
5. Kadi ina jina la mtu aliyefariki, na mtoto wake ndiye anayeuza. Utadai hati gani?

Majibu: (1) Tazama chini kama kuna shafti na difu ya nyuma. (2) Moshi na sauti za kuwasha kwa baridi hufichua uchakavu unaofichwa na joto, na ni hapo tu rejeta hufunguliwa kwa usalama. (3) Wiki ya 41 ya mwaka 2015. Ihesabu miongoni mwa vitu vya kubadilisha. (4) Lita 2,000 dhidi ya lita 1,500, yaani shilingi 1,500,000. (5) Uteuzi wa msimamizi wa mirathi uliotolewa na mahakama, na saini ya msimamizi huyo katika mkataba.

Msomaji aliyeshindwa maswali mawili au zaidi arudie sehemu husika kabla ya kwenda yadini, na achukue nakala ya kijitabu hiki pamoja naye.